Dresa wa Keya

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam akashika njia ya Bagamoyo, akisha kuvuka daraja la Selander na kuingia katika mipaka ya Kinondoni, hupita kando ya makaburi ya vita, ambamo baadhi ya waliolala walihamishwa mwaka 1968 kutoka Ocean Road, ilipotakiwa nafasi ya kupitisha barabara mpya. Akiendelea mbele, Morocco ikabaki nyuma na Mwenge ikabaki nyuma, hufika Lugalo, kambi ambayo katika zama za Keya, jeshi la Waafrika lililokuwa chini ya Waingereza, iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa mapigano ya Mei 1941 huko Uhabeshi ambamo Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha Tanganyika aliuawa, kisha akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Na baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 ikapewa jina la Lugalo, mahali pale katika nchi ya Uhehe ambapo watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski mnamo Agosti 17, 1891. Na mjini kwenyewe, pale njia zinapokutana, sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927, bunduki mkononi na singe mbele. Ukumbusho wote huu ni wa bunduki, wala siulaumu, kwa kuwa waliokufa kwa bunduki ni wetu. Lakini yuko mtu mmoja aliyekuwamo katika vita vile vile, akala posho ile ile na kulowa mvua ile ile, ambaye sanamu yake hatukuichonga: dresa, muuguzi wa jeshi, mwanamume wa Kiafrika aliyevaa kaptula ya kaki na kuning'iniza begani mkoba wa bendeji. Huyo ndiye ninayekusudia kumweleza hapa, maana nimeamini kwamba huko Burma, katika vita ya pili ya dunia, moyo wa askari wetu ulishikwa na mikono yake zaidi ya ulivyoshikwa na amri ya afisa yeyote.

Kazi ya udresa haikuzaliwa jeshini. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na hospitali mbili zilizotengwa kwa rangi: ile ya Ocean Road iliyojengwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na ile iliyotokana na mali ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, ambayo ndiyo iliyowapokea Waafrika na Wahindi, na ambayo jina lake wazee wa mji hulitaja hata leo kwa heshima. Waingereza walipoichukua nchi hawakubadili sana utaratibu huo wa kubagua, ila mwaka 1926 Dr. John Shircore, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba, alianzisha zahanati ndogo chini ya serikali za wenyeji, na kila zahanati akaiweka mikononi mwa kijana wa Kiafrika aliyefundishwa kuosha vidonda, kugawa dawa za malaria na za minyoo, na kumtambua mgonjwa aliyezidi uwezo wake ili ampeleke kwa tabibu mkubwa. Mshahara wao ulikuwa mdogo na elimu yao ilikuwa fupi, walakini kwa mara ya kwanza mgonjwa wa bara alimkuta mtu wa kwao mwenye aidini mkononi, anayemwuliza habari zake kwa lugha anayoifahamu.

Tena vita ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoa funzo lake, na funzo lile lilinunuliwa ghali. Wapagazi waliochukuliwa kubebea mizigo ya Waingereza kati ya 1914 na 1918 walikufa kwa makumi ya maelfu, na walio wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa. Nasi tunaoishi katika mji uliolipa soko lake jina la kikosi chao hatuna udhuru wa kuwasahau. Upande wa Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, dawa za kutoka ng'ambo zilipokatika, madaktari walichemsha magamba ya mkwinini yaliyotoka Amani katika milima ya Usambara, wakawanywesha askari maji yake machungu kupita kiasi. Na huko Uganda Meja Keane aliwakusanya vijana wa shule, baadhi yao wanafunzi wa Budo, akawafanya kikosi cha matabibu wa Kiafrika, wakauguza wapagazi katika nchi yetu hii hii mpaka mwisho wa vita. Kwa hiyo Serikali ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba jeshi la Waafrika lisilo na wauguzi wa Kiafrika litazikwa kabla halijapigana.

Vita ya pili ilipofika, Afrika Mashariki ilitoa askari zaidi ya 300,000, na Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya 80,000. Vikosi vya Keya viliongezwa mara kwa mara, na pamoja navyo likaundwa Jeshi la Tiba la Afrika Mashariki, ambalo lilitafuta vijana wa namna ya pekee: wanaojua kusoma na kuandika, wasiotetemeka waonapo damu, na wenye subira. Wengi walitoka katika shule za misheni na za Serikali, wengine walikuwa wamekwisha kufanya kazi za hospitali uraiani. Katika mizani ya jeshi lile, dresa hakuhesabiwa kuwa shujaa. Askari wa bunduki walipenda kumtania kwamba yeye ni mtu wa kubeba mikojo. Utani huo aghlabu ulikoma siku ya mapigano ya kwanza.

Wauguzi wanawake katika jeshi lile walikuwa Wazungu, wale walioitwa masista, nao walikuwa wachache na aghlabu wakakaa katika hospitali kuu za nyuma. Hatari, hata hivyo, haikuwaheshimu kwa rangi wala kwa jinsia. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Ceylon, na ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500: wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia, na wanawake 83, zaidi ya nusu yao masista waliokuwa wakienda kuwauguza askari. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama katika muda wa dakika chache tu, kabla watu wa chini hawajaijua ngazi ya kupandia juu. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilitambua kwamba nyambizi imejificha chini ya maji pale pale waliposhikilia mbao wale walionusurika. Na makamanda wa manowari hizo, wakiogopa meli nyingine za msafara zisije zikapata msiba huo huo, waliamuru mabomu ya kina yatupwe katikati ya watu wanaoelea. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile. Katika watu wote wa Khedive Ismail waliokoka wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297. Hakuna msiba mwingine wa bahari katika vita ile uliowachukua wanawake wengi wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake kwa mara moja, wala sidhani kama kuna msiba mwingine wa bahari uliowachukua wana wa Afrika Mashariki wengi kiasi hicho katika saa moja. Na bado mtoto wa shule wa Temeke anaweza kumaliza vidato vyote asiusikie.

Waliofika salama walikaa Ceylon wakifundishwa vita vya msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kifaru, ilikuwa na vikosi vya Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka kwetu vikosi vya 26 na 36 vya Keya. Katikati ya mwaka 1944, Wajapani walipovunjwa nguvu Imphal na Kohima na kuanza kurudi nyuma, divisheni hiyo ilipewa kazi ya kuwafuata kwa njia ya bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko, ambayo mvua yake mtu wa pwani aliyezoea masika ya Aprili hawezi kuikadiria. Mwezi wa Agosti waliingia Tamu, mji mdogo ambao Wajapani waliuacha na maiti zao zisizozikwa. Novemba 13 walikutana na majeshi ya Kihindi Kalemyo, Desemba 2 wakaitwaa Kalewa, na Desemba 10 likakamilika juu ya mto Chindwin daraja la kuelea la futi 1,154, ambalo kwa siku zile lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Haya ndiyo yaliyoandikwa katika vitabu vya maafisa. Lakini bonde la Kabaw lilikuwa mashuhuri kwa jambo jingine, nalo ni maradhi, hata watu wakaliita bonde la mauti. Na hapo ndipo habari ya dresa inapoanza kwa kweli.

Jenerali Slim, aliyekuwa amiri wa Jeshi la 14, aliandika baada ya vita kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mbele kwa jeraha, waliondolewa 120 kwa maradhi. Hesabu hiyo ilimfanya aone kwamba vita vyake vitapotea hospitalini kabla ya kupotea uwanjani, na ndipo ikatoka amri kwamba kila askari ameze kidonge cha mepakrini kila siku mbele ya macho ya mkubwa wake. Slim alifika hata kuwavua madaraka makamanda watatu ambao askari wao, damu ilipopimwa, walionekana hawamezi. Kidonge chenyewe kilikuwa cha manjano na kichungu, kikaigeuza ngozi na weupe wa macho kuwa manjano, na fununu ikaenea katika majeshi yote, ya Waingereza, ya Wahindi na ya Waafrika, kwamba kinawaondolea wanaume nguvu zao. Basi mtazame dresa asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya miti, amesimama mbele ya safu na kopo la vidonge mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Anamtaka kila mtu aachame, anatazama chini ya ulimi, anatazama ndani ya shavu, na huku anasikiliza manung'uniko ya watu waliomzidi umri na cheo, wanaomwuliza kama yeye mwenyewe atapata watoto akirudi kwao. Afisa aliweza kuamuru. Dresa ilimbidi akimeze chake mbele yao kila asubuhi, awatajie majina ya waliokwisha kuchukuliwa kwa homa wiki ile, na kuyavumilia maneno yao bila kukasirika, kwa sababu wale wanaomtukana leo ndio atakaowafunga majeraha kesho.

Baada ya gwaride la vidonge huja kazi yenyewe. Sindano na mikasi huchemshwa katika karai juu ya jiko la prima, ambalo katika mvua ile lilizimika kila mara. Majeraha hufunguliwa, bendeji iliyogandamana na usaha hulowanishwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tena pole pole, maana mwenye haraka huondoka na nyama mpya, unga wa salfa hunyunyizwa, pamba na bendeji safi hufungwa upya. Miguu iliyooza kwa kukaa ndani ya buti zenye maji hukaushwa kidole kwa kidole. Ruba hutolewa kwa chumvi au kwa ncha ya sigara, kwa sababu iliaminiwa kwamba ukiwavuta kwa mkono huacha meno ndani na kidonda hakiponi. Majeruhi wa mbele huletwa kwa machela juu ya mabega ya watu, mwendo wa saa nyingi katika tope linalofika magotini, kisha kwa gari dogo, kisha, kama kiwanja cha ndege kimekauka, kwa ndege mpaka Imphal. Na njia nzima, katika kila kituo, anayekaa kichwani pa machela na kumfukuzia nzi ni dresa.

Maradhi yaliyodhihirisha thamani yake zaidi kuliko yote ni ile homa inayoletwa na utitiri wa majanini. Malaria ilikuwa na dawa, na majeraha yalikuwa na salfa, na mwishoni hata penisilini ikaanza kufika; lakini homa hii katika mwaka 1944 haikuwa na dawa yoyote duniani, wala haikuipata mpaka miaka michache baada ya vita. Mgonjwa huwaka wiki mbili, akaweweseka, akaita watu wa kwao kwa majina. Tabibu mwenye digrii zote za London hakuwa na la kumfanyia. Lililobaki ni uuguzi mtupu: kumpangusa kwa kitambaa cha maji usiku kucha, kumnywesha kijiko baada ya kijiko, kumgeuza ubavu huu na ubavu huu asije akapata vidonda vya mgongo, kumshika asitoke kitandani akaingia msituni, na kusema naye. Ikiwa alipona, alipona kwa mikono hiyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wa zama zetu hudhani kwamba muuguzi ni msaidizi wa daktari na kwamba tiba imo ndani ya chupa, na hapa pana maelfu ya watu ambao chupa ilikuwa tupu, na waliookoka katika wao waliokolewa na mtu aliyekesha.

Kusema na mgonjwa hakukuwa jambo dogo. Daktari wa Kizungu, hata akiwa mtu mwema, alikijua Kiswahili cha kuamrisha, cha simama na keti, na maumivu hayaelezeki kwa Kiswahili hicho. Mgonjwa anayesema moyo wake unapaa, au kwamba anaona kizunguzungu akisimama, au kwamba tumbo linamsokota, alihitaji mtu atakayeyapokea maneno hayo yakiwa mazima na kuyafikisha kwa daktari bila kuyapunguza. Tena katika wodi moja walilala Myao, Mnyamwezi, Mhehe, Mganda, Mkamba na Mngoni, na mara nyingi dresa mwenyewe alikuwa wa kabila jingine kabisa. Kiswahili walichokutana nacho hapo hakikuwa cha Lamu wala cha Mvita, lakini kilitosha kumwambia mtu kwamba mguu wake umekatwa, na kumwambia vizuri. Nani amewahi kufikiri ni uhodari gani unaotakiwa kwa kijana wa miaka ishirini na miwili kumpa mwenzake habari hiyo akizinduka katika usingizi wa dawa?

Mwaka ule Ramadhani, ya 1363 Hijria, iliandama karibu na tarehe 20 Agosti, yaani katikati kabisa ya mvua za Kabaw. Wasafiri na wapiganaji wana ruhusa ya kufungua katika sheria, lakini mtu aliyelelewa katika Uislamu wa pwani hujiona mgeni mbele ya Mola wake apitiwapo na mwezi huo bila futari wala tarawehi, na si vigumu kukisia yaliyokuwa katika vifua vya vijana wa Ilala na wa Bagamoyo walioupokea mwezi wakiwa ndani ya mahandaki yaliyojaa maji. Waliokufa siku hizo walitakiwa kuoshwa na kusaliwa, na Wakristo walitakiwa kuombewa, na padri au mwalimu hakuwa karibu kila wakati. Kazi hizo nazo, pale ilipowezekana kuzifanya, ziliangukia watu wa wodi, kwa sababu ndio waliokuwa wamemshika maiti mkono alipokuwa hai. Majina ya Waafrika Mashariki waliopotea bila kaburi huko yamo katika ukumbusho wa Rangoon, ulioko Taukkyan, wenye majina karibu 27,000 ya askari wa kila taifa lililotumikia bendera ile.

Sasa niseme juu ya moyo. Mkubwa wa jeshi huyatazama mambo ya moyo wa askari kama anavyotazama petroli, kitu cha kujazwa kikipungua. Na kwa kweli walijitahidi kuujaza. Palikuwa na gazeti la Askari, palikuwa na Baraza la Nairobi na Mambo Leo la Dar es Salaam, yaliyofika yakiwa yamechelewa na kupitishwa mkono kwa mkono mpaka yakachanika. Palikuwa na kikosi cha burudani, ambamo Fundi Konde, yule mpiga gita mashuhuri wa pwani ya Kenya, alipiga nyimbo mbele ya askari wetu huko Burma na India. Palikuwa na chai yenye sukari, unga wa mahindi, maharage, na nyama ilipopatikana. Hayo yote yalisaidia. Ila chakula kikubwa cha moyo kilikuwa barua, na barua ndiyo iliyokuwa adimu: ilisafiri kwa majuma mengi, ilifunguliwa na kusomwa na afisa, na mara nyingi iliandikwa na mtu mmoja na kusomwa na mtu mwingine, kwa kuwa mke nyumbani na mume vitani wote wawili hawakujua kusoma. Msomaji wa barua katika wodi alikuwa nani, kama si yule kijana aliyeandikwa jeshini kwa ajili ya kujua kwake kusoma? Kwa njia hiyo dresa aliingizwa katika siri za nyumba asizozijua: mtoto aliyezaliwa, shamba lililochukuliwa na ndugu, mke aliyerudi kwao.

Na habari za nyumbani hazikuwa za kufurahisha. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942 waliutwaa na mchele wake, ule mchele wa Rangoon uliokuwa ukiliwa Unguja na katika miji ya pwani. Bei zikapanda, nguo zikaadimika, na mwaka 1943 Dar es Salaam ikawekewa chakula cha mgao. Yaani kijana wa Temeke aliyekuwa akiuguza katika nchi ya mpunga alipata barua kwamba mama yake amepanga foleni kwa ajili ya mchele. Waliobaki walijua vitani kuna nini, na Shaaban Robert aliitungia vita ile utenzi mzima. Lakini kujua habari za vita ni jambo moja, na kujua kama mwanao yu hai ni jambo jingine.

Mimi huona jambo moja halikutazamwa na wakubwa wale, nalo ni kwamba aliyewaliwaza wote hakuwa na wa kumliwaza. Askari wa bunduki alipigana siku tatu, kisha kikosi chake kikatolewa mbele kikapumzishwa. Wodi haipumziki. Siku ambayo bunduki zimenyamaza ndiyo siku ambayo majeruhi wamekuwa wengi, na siku ambayo vikosi vimeondoka ndiyo siku ambayo waliobaki nyuma na homa wanahitaji kugeuzwa ubavu. Likizo ya kurudi nyumbani kwa Waafrika waliokuwa ng'ambo ilikuwa kitu cha kusikia tu, ilhali meli zilikuwa haba na Afrika Mashariki iko mbali. Walikuwako waliokaa miaka mitatu na zaidi bila kuona mji wao. Juu ya hayo, sista mgeni aliyefika jana kutoka Uingereza alikuwa na cheo cha afisa, na dresa aliyeishika kazi kwa miaka minne alikuwa koplo mwenye mshahara usiokaribia wake, na wote wawili walikuwa wameinama juu ya kitanda kimoja. Kuwa watu hawa waliendelea kuchemsha sindano na kumgeuza mgonjwa ubavu, usiku baada ya usiku, ni jambo linalostahili kuandikwa pamoja na kuvushwa kwa Chindwin.

Wala si wetu peke yao. Kutoka Afrika Magharibi alikuwako Isaac Fadoyebo, kijana wa Kiyoruba aliyekuwa muuguzi katika kituo cha majeruhi. Mwezi Machi 1944, katika bonde la Kaladan, kituo chao kilishambuliwa na Wajapani, naye akavunjwa mguu kwa risasi. Yeye na mwenzake mmoja wa Sierra Leone wakaishi kwa miezi tisa wakifichwa na kulishwa na wanakijiji Waislamu wa Arakan, mpaka majeshi yao yaliporudi. Fadoyebo aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa, na kwa ajili hiyo dunia inamjua muuguzi mmoja Mwafrika wa vita ile. Upande wetu askari wa bunduki wamejaribu: Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau, aliyaandika aliyoyaona huko. Dresa wa Tanganyika aliyejulikana kwa kitabu chake mwenyewe mimi simjui.

Japani ilisalimu amri Agosti 15, 1945, katika Ramadhani nyingine, lakini kurudi hakukuwa kwa mara moja. Majeshi ya Afrika Mashariki yalikaa katika kambi za India yakingojea meli, wengine mpaka ndani ya 1946, na kungoja huko kulivunja nyoyo kuliko mapigano. Kulizaa na mazungumzo vilevile: imesimuliwa na Mohamed Said, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid Sykes, kwamba katika kambi ya Kalieni, karibu na Bombay, vijana wa Tanganyika walikaa wakiulizana wakirudi kwao watafanya nini juu ya nchi yao. Waliporudi Dar es Salaam waliukuta mji uliofura. Sensa ya 1948 ilihesabu watu karibu 69,000, na nyumba hazikutosha, hata Serikali ikajenga kota Ilala, Temeke na Magomeni. Askari wa bunduki aliyerudi hakuwa na soko la kuuzia ujuzi wake. Dresa alikuwa nalo. Sewa Haji ilihitaji watu, zahanati zilihitaji watu, mashamba ya mkonge yalihitaji watu, na mwaka 1956 ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, nchi ilikuwa na mikono iliyozoea kazi. Lakini cheti cha jeshi hakikupewa uzito wa cheti cha shule. Aliyekuwa amewavusha watu katika homa isiyo na dawa aliweza kuwekwa chini ya kijana aliyetoka masomoni, akaanza tena na ndoo na fagio.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika, na baadhi yamebadilika kwa heri. Jeshi la Wananchi lilipoundwa Septemba 1, 1964, palifunguka njia ambayo Keya isingeifungua kamwe, na leo katika hospitali ya jeshi ya Lugalo muuguzi mwanamke wa Kitanzania huvaa cheo begani na kupigiwa saluti. Watu wa Kawe, Mbezi na Kinondoni, raia na askari, hutibiwa hapo. Majeshi yetu nayo yamevuka mipaka tena, safari hii kwa bendera ya Umoja wa Mataifa: Darfur, ambako walinda amani wetu 7 waliuawa Julai 13, 2013; na Kongo ya mashariki, ambako usiku wa Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa kwa saa nyingi, wakafa askari wetu wasiopungua 14 na kujeruhiwa zaidi ya 40. Katika usiku kama ule kuna mtu ambaye kazi yake si kufyatua bali ni kutambaa kutoka kwa aliyeanguka mpaka kwa aliyeanguka, akiamua gizani nani afungwe kwanza. Watu hao nao wana mama zao Mbagala na Tandika, na simu ya mkononi sasa huwafikishia sauti katika nukta, ila haiwafikishii yote, kwa maana muuguzi hamwelezi mama yake aliyoyaona.

Mzee aliyekuwa na miaka kumi na minane bonde la Kabaw angekuwa sasa amekwisha kuizunguka karne. Hatutaweza kuwauliza wenyewe. Lakini watoto wao na wajukuu wao wako Keko, Temeke, Magomeni na Mwananyamala, na ndani ya masanduku ya bati bado zimo hati za kuachishwa jeshi, picha zilizopigwa Colombo, nishani ya Nyota ya Burma iliyofungwa katika leso, pengine daftari lenye majina ya dawa kwa mwandiko wa penseli. Ningependa Lugalo itenge chumba kimoja, kisichohitaji kuwa kikubwa, ambamo karatasi hizo zitapokelewa, zipigwe picha, na kurudishwa kwa wenyewe. Na kila anayeleta aulizwe mambo manne: jina la baba yake, meli aliyopanda Kilindini, hospitali aliyofanyia kazi, na alizikwa wapi. Kazi hiyo wauguzi wanafunzi wanaweza kuianza mwezi huu, nyumba kwa nyumba, kuanzia Keko.